Kuweka programu katika klasta ya Kubernetes iliyokwisha kujengwa

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, siku hizi kipande cha kazi hakiandikwi tena kwa kalamu peke yake. Katika mashamba mengi ya chai mizani hupeleka uzito wa majani moja kwa moja kwenye kompyuta, na malipo ya saa za ziada hupigwa huko huko. Hesabu ya mwajiri imo ndani ya mashine. Kwa hiyo na hesabu yetu sisi haina budi kuwa na mahali pake pa kutunzwa, na ndani ya matawi wamo vijana waliojifunza kompyuta wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Makala hii ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili ya viongozi wa matawi pia, ambao huenda wasiiguse kompyuta hata mara moja, lakini yawapasa kujua la kuwauliza vijana hao.

Kubernetes ni neno la Kigiriki, na maana yake ni nahodha ashikaye usukani. Programu hii ilitengenezwa na wahandisi wa kampuni ya Google, ikatangazwa mwaka 2014, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Julai 2015. Leo inasimamiwa na shirika la Cloud Native Computing Foundation, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo. Klasta ni kundi la kompyuta zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja, na Kubernetes ndiye msimamizi wa zamu. Humwambii, "Wewe nenda mashine ya pili ukawashe programu fulani." Unampa maagizo ya hali unayoitaka: programu hii iwepo daima, nakala yake iwe moja. Mashine ya pili ikifa, yeye mwenyewe huianzisha programu hiyo katika ya tatu, kama vile nyapara anavyotafuta mtu mwingine wa kusimama penye tanuri mwenzake akiugua. Programu hufungwa ndani ya kontena, na kontena hukaa ndani ya kifurushi kiitwacho podi. Msimamizi huyu huhamisha podi, huziua na huziumba upya bila kumwuliza mtu. Msomaji aliweke neno hilo akilini, maana ndilo lililotuumiza sisi.

Tuseme basi yaliyotupata. Tulikuwa na madai ya malipo ya saa za ziada ya wenzetu wa shamba moja. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukakusanya vipande na stakabadhi za mshahara, tukazipiga picha na kuzitia katika kabati la faili tuliloliweka kwenye klasta kwa amri moja tu. Kabati lilifunguka vizuri na kila mtu alifurahi. Baada ya wiki tatu mashine moja ilitolewa ili itengenezwe. Asubuhi yake kabati lilifunguka kama kawaida, lakini lilikuwa jipya kabisa, halina hata karatasi moja. Wenzetu waliokuwa bado na vipande vyao tuliwafuata tena. Waliovitupa, kwa kuwa tuliwaambia vimekwisha kutunzwa, tulibaki kuwaandikia maelezo ya mdomo, na kila mtu anajua maelezo ya mdomo yana uzito gani mbele ya msuluhishi. Kosa halikuwa la mashine wala la mwajiri. Lilikuwa letu, na lilikuwa katika mistari miwili tusiyoisoma.

Sasa tueleze kazi yenyewe jinsi tunavyoifanya leo.

Kuingia katika klasta ambayo tayari ipo si sawa na kujenga mpya. Unaingia kiwandani wakati mikanda inazunguka na watu wako kazini. Chombo cha kwanza ni programu ya kubectl, ambayo hupeleka amri zako kwa msimamizi. Kibali chako cha getini ni faili moja inayokaa katika kompyuta yako, kwa kawaida ~/.kube/config, na faili hiyo yaweza kuwa na vibali vya klasta zaidi ya moja. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote uliza umesimama wapi:

kubectl config current-context

Jibu likiwa jina la klasta usiyoikusudia, acha hapo hapo. Likiwa sawa, tazama mashine zilizopo na hali zake kwa kubectl get nodes, kisha uliza kama una ruhusa:

kubectl auth can-i create deployments -n tawi

Utajibiwa ndiyo au hapana kwa Kiingereza, basi. Neno tawi mwishoni ni jina la chumba. Klasta hugawanywa katika vyumba, kila kundi na chake, ili vitu vya idara moja visichanganyike na vya nyingine. Usikubali kuweka programu katika chumba cha wote kiitwacho default. Humo ndimo kila mtu hutupa vyake, na siku ya kufagia hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Mwombe mtunza klasta afungue chumba cha tawi na akupe ruhusa ndani ya chumba hicho tu. Kijana anayedai ruhusa ya klasta nzima ili aweke kabati moja aulizwe sababu.

Chombo cha pili ni Helm, jina ambalo nalo maana yake ni usukani. Programu moja katika Kubernetes huhitaji maagizo mengi: ya podi, ya mlango, ya ghala, ya maneno ya siri. Helm huyafunga yote pamoja katika furushi liitwalo chati. Zamani Helm ilikuwa na mjumbe wake ndani ya klasta, aitwaye Tiller, ambaye mara nyingi alipewa mamlaka makubwa kupita kiasi; aliyemfikia mjumbe huyo aliweza kufanya karibu lolote. Katika toleo la 3, lililotoka Novemba 2019, Tiller aliondolewa. Sasa Helm ina mamlaka yale yale uliyo nayo wewe mwenyewe, wala si zaidi.

Kabati tulilolitumia sisi ni Nextcloud, programu huria ya kutunza faili iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016. Kwanza tunaijulisha Helm ghala la chati hiyo lilipo:

helm repo add nextcloud https://nextcloud.github.io/helm/
helm repo update

Hapa ndipo mwenye haraka huandika helm install na kwenda kunywa chai. Sisi tulifanya hivyo hivyo. Yafaa kwanza kuomba karatasi ya masharti na kuihifadhi:

helm show values nextcloud/nextcloud > masharti-yote.yaml

Karatasi hiyo ni ndefu na inachosha, kama mkataba wowote wa kazi. Lakini mfanyakazi hatii dole gumba kwenye mkataba asioujua, na ndani ya karatasi hiyo tulikuta mambo mawili. Jina la mkuu wa kabati lilikuwa admin na neno la siri changeme, yaani ulibadilishe. Asiyebadilisha amemwachia ufunguo kila aliyewahi kuisoma chati hiyo, na chati husomwa na dunia nzima. La pili ni neno persistence, maana yake kudumu kwa vitu. Chini yake palikuwa na enabled: false.

Mstari huo ndio uliokula vipande vya wenzetu. Kudumu kukizimwa, faili hukaa katika nafasi ya muda inayokwenda na podi. Podi ikiondolewa katika mashine, nafasi hiyo nayo hufutwa, na podi mpya huanza na kabati jipya. Msimamizi alifanya kazi yake sawasawa: aliamriwa kuhakikisha kabati lipo, naye akahakikisha lipo. Hakuna aliyemwambia kwamba vilivyomo ndani ni mali ya watu.

Kwa hiyo tunaandika karatasi yetu fupi, masharti.yaml, yenye yale tu tunayoyabadilisha: jina la mlango chini ya nextcloud.host, jina la mkuu na neno lake la siri, na sehemu hii:

persistence:
  enabled: true
  size: 20Gi

Kabla ya hapo tunaandika kubectl get storageclass ili kujua klasta ina ghala la namna gani. Jibu likiwa tupu, kudumu hakuna pa kudumia. Zungumza na mtunza klasta. Neno la siri tunaliandika katika karatasi hiyo, tunaifungia, wala hatulipigi kwenye mstari wa amri, kwa sababu kompyuta hukumbuka amri zilizopigwa, na wa zamu inayofuata atazisoma.

Kisha tunaomba kuonyeshwa kila kitakachopelekwa, bila kitu chochote kuguswa:

helm template kabati nextcloud/nextcloud -n tawi -f masharti.yaml

Tunatafuta humo neno PersistentVolumeClaim, ambalo ni hati ya kuomba ghala. Likiwepo, tunaweka:

helm install kabati nextcloud/nextcloud -n tawi -f masharti.yaml

Toleo la chati nalo liandikwe kwa --version, ili mwezi ujao mwenzako asipate kitu kingine kwa amri ile ile. Baadaye tazama kwa kubectl get pods -n tawi. Running ni kuwa inafanya kazi. Pending ikikaa muda mrefu, podi imekosa nafasi au ghala. CrashLoopBackOff ni kwamba inaanza na kuanguka, inaanza na kuanguka. Soma malalamiko yake kwa kubectl logs. ImagePullBackOff maana yake picha ya programu haikuweza kuletwa kutoka ghala la nje, na kubectl describe pod itakueleza kwa nini.

Juu ya hilo la picha tuna neno. Watu wengi walizoea kwamba vitu vya bure vya kampuni kubwa vitakuwapo siku zote. Docker Hub ilianza kuwawekea kikomo wapakuaji wasiojiandikisha Novemba 2020. Mwaka 2025 Bitnami, iliyo chini ya kampuni ya Broadcom, iliziondoa picha zake nyingi za bure mahali zilipozoeleka na kuziweka katika ghala la vitu vya zamani visivyotengenezwa tena. Chati zisizohesabika zilikuwa zikizitegemea picha hizo kwa hifadhidata zao, na hii ya Nextcloud ilikuwa mojawapo. Kabati dogo la majaribio hutumia SQLite na halihitaji kitu kingine, lakini tawi kubwa litataka hifadhidata kamili kama PostgreSQL au MariaDB. Basi mwulize kijana wenu picha yake inatoka kwa nani.

Kubadilisha masharti ni kwa helm upgrade, na kurudi nyuma ni kwa helm rollback. Lakini rollback hurudisha maagizo, hairudishi faili. Nextcloud hasa haikubali kurudishwa toleo la nyuma baada ya kupanda, wala kuruka toleo kubwa moja kati. Nayo helm uninstall yaweza kuondoka na hati ya ghala, na ghala likafutwa pamoja na vilivyomo, ikiwa klasta imepangwa hivyo. Kwa sababu hiyo nakala ya pili hukaa nje ya klasta, katika diski iliyo chini ya kufuli ya katibu.

Mwisho kuna jaribio ambalo sasa tunalifanya kabla mwanachama yeyote hajatupa karatasi yake. Tunatia kabatini faili moja isiyo na thamani, kisha tunaandika kubectl get pods -n tawi kupata jina la podi, na tunaiua kwa makusudi kwa kubectl delete pod. Msimamizi huumba nyingine baada ya muda mfupi. Tunafungua kabati mbele ya kamati ya tawi na kutazama kama faili ipo. Isipokuwepo, vipande havikusanywi. Hata ikiwepo, tunapiga picha na kumrudishia mwenyewe kipande chake mkononi siku ile ile.

Tawi linalotaka nakala ya karatasi yetu ya masharti, bila maneno ya siri, limwandikie katibu wa tawi letu.