Mabua ya mihindi: msiyachome, nguvu iko ndani



Kila kiangazi moshi unapanda kuzunguka Lubumbashi. Tunavuna mihindi, tunachoma mabua, tunasema shamba limekuwa safi. Lakini kile tunachochoma, nchi zingine wanakitafutia mashine za bei kali.

Ndani ya bua kuko nini?

Zaidi ya robo ya bua kavu ni selulozi, nyuzi zinazosimamisha mmea. Mgomba iko nayo, mbao iko nayo, pamba pia. Uzi wake mdogo kabisa una upana wa nanometa 3 au 4 hivi. Milimeta moja ni nanometa 1,000,000. Jicho haliwezi kuuona.

Jeli inatengenezwa namna gani?

Mmea unakatwakatwa, unachemshwa na dawa za kutoa lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Kisha nyuzi zinasukumwa pamoja na maji ndani ya mashine yenye nguvu sana mpaka zipasuke. Albin Turbak na wenzake walieleza kazi hiyo huko Marekani mwaka 1983.

Inatoka jeli nzito. Bukari inataka unga mwingi ndipo ishikane. Hapa, katika gramu 100 za jeli, nyuzi zinaweza kuwa gramu 2 tu. Inayobaki ni maji. Nyuzi zimeshikana sawa vile wavu, maji hayana njia ya kukimbia. Jeli ikigandishwa kwa baridi kali na kukaushwa polepole, inabaki sponji nyepesi, karibu yote hewa, na bado inabeba uzito.

Tuifanye kwetu?

Kwa sasa hapana. Mashine inakula umeme mwingi, na umeme wetu tunaujua. Soda kostiki inaunguza ngozi na macho. Ikimwagwa mtoni inaharibu maji ya wote. Mtu akija kuuzia koperative «mashine ya jeli», mumuulize: nani atanunua? Umeme utatoka wapi? Maji machafu yataenda wapi? Huko Uganda, TEXFAD wanafanya kazi nyepesi zaidi: wanatoa nyuzi ndefu katika migomba iliyokwisha kuvunwa, wanafuma mazulia.

Shambani selulozi inatumika bila kiwanda

Mukichoma, majivu yanaacha potasi kidogo, lakini azoti inaenda na moshi. Kwa hiyo:

– Mulaze mabua juu ya udongo. Mvua kali haitausomba, jua halitaukausha upesi.
– Musiyafukie karibu na kupanda. Vijidudu vinavyoyala vinakopa azoti ya udongo, mihindi inakuwa njano.
– Mupande maharagwe au karanga kwa zamu na mihindi; zinarudisha azoti.
– Mulime ukanda mtupu kuzunguka shamba mwanzoni mwa kiangazi, moto wa jirani usiingie.

Koperative ikubaliane mapema juu ya moto. Shamba moja likiwashwa, mabua ya wote yanaenda.