Anayechanganya Muziki Sharti Awe na Chake

Kila ufikapo msimu wa tamasha la muziki la shule, mjadala ule ule huzuka katika vyumba vya walimu hapa Nakuru na viungani mwake. Je, ni halali kwa mwanafunzi kuutia wimbo wa jadi gitaa na miondoko ya jazi? Wapo wanaoshikilia kwamba huko ni kuharibu mila. Wapo pia wanaodai kwamba muziki usiochanganywa umepitwa na wakati. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimelikosa swali lenyewe.

Tutazame mbali kwanza. Nchini Chile, Violeta Parra, aliyefariki mwaka wa 1967, alizunguka mashambani akikusanya nyimbo za wazee, kisha akatunga zake juu ya msingi huo. Nusu karne baadaye, mwaka wa 2017, Sofia Rei, mwimbaji wa jazi mzaliwa wa Buenos Aires aliyeendeleza kazi yake New York, alitoa albamu iitwayo El Gavilán, akizifasiri upya nyimbo za Parra pamoja na mpiga gitaa Marc Ribot. Sauti ni mpya, lakini mizizi inatambulika. Rei aliweza kuchanganya kwa sababu kilikuwapo cha kuchanganywa, kimehifadhiwa na kinajulikana na watu wa huko.

Sisi wa Bonde la Ufa je? Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa nyimbo zilizoimbwa kwa kinubi cha jadi. Miongoni mwazo zilikuwamo zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo si la mzimu wala la shujaa wa kale. Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Rodgers mwenyewe alikuwa mchanganyaji: mwaka wa 1930 alirekodi wimbo mmoja pamoja na Louis Armstrong, bingwa wa jazi, akipuliza tarumbeta. Kwa mujibu wa Tracey, wasichana wa Kapkatet walimwazia mgeni huyo kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Lugha ya Kikipsigis haipambanui sauti ya j na ile ya ch kama Kiingereza kifanyavyo. Kwa hiyo Jimmie akaanza kwa ch, na Rodgers akaishia kwa irabu. Zaidi ya hayo, jina likaangukia silabi inayoanza majina ya kike kama Chebet na Chelagat. Mwanamume wa Mississippi akavishwa vazi la Kikipsigis! Kiswahili nacho kilifanya vivyo hivyo kwa neno la Kiarabu kitabu: kiliisikia ki- ya mwanzo kama kiambishi chake chenyewe, na leo twasema vitabu bila kusita. Lugha yenye sarufi imara haiogopi neno geni. Hulipokea na kulitawala. Muziki nao una sarufi yake. Waimbaji wa Kapkatet hawakumwiga Rodgers. Walimtia katika kinubi chao, katika mahadhi yao, wakamfanya mwenyeji.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuchanganya jazi na wimbo wa kwao anaijua sarufi ipi? Aghalabu anaijua ile ya redio na simu pekee. Kinubi hakijui kukaza nyuzi zake, na wimbo wenyewe ameufundishwa majuma machache kabla ya mashindano, maneno asiyoyaelewa yakikaririwa kama kasuku. Huyo hachanganyi, anaazima tu. Na wahenga walikwisha kunena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo sasa imo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika muongo wa 2010, nakala za nyimbo hizo zilirejeshwa Kapkatet. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, nakala isiyofika darasani ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani wakati wa mvua.

Mwalimu mwenzangu, usimkataze kijana gitaa lake. Mtume kwanza kwa mzee anayejua kupiga kinubi, akae naye likizo nzima, ajifunze maana ya kila neno na sababu ya kila kiitikio. Nawe mwanafunzi, usingoje kutumwa, kwani wazee hao hawatungoji. Ukisharudi na wimbo huo kinywani, changanya utakavyo.