Programu zinazowashikilia wafanyabiashara wa Madale kwenye Windows

Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta unaotolewa bure pamoja na msimbo wake, na yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuubadili na kumpa mwenzake. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Moyo wake ndio ulio ndani ya kila simu ya Android. Kwenye fremu za biashara hali ni tofauti. Jijini Dar es Salaam, kutoka Tegeta kupanda Madale hadi Goba, Windows ndiyo inayotawala meza za steshenari, ofisi za wachora ramani, studio za muziki na vibanda vya mafundi simu. Sababu kwa kawaida huwa programu moja au mbili ambazo kazi ya siku haiendi bila hizo, na uzito wa programu hizo hutofautiana sana kutoka fani moja hadi nyingine.

Suala hili limeingia kwenye hesabu za biashara tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa bure masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo nyingi ni za maofisi ya nje zilizokwisha muda wake: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T460. Zote tatu zina prosesa ya kizazi cha sita. Ni mashine imara, kibodi zake zinavumilia kazi ya kuchapa kutwa nzima, na hakuna sababu ya msingi ya kuzitupa. Microsoft haizitambui kwa Windows 11. Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux, hukaa juu yake bila shida.

Bei ingekuwa kichocheo kingine cha kuhama, kama ingelipwa. Windows 11 Home inauzwa dola 139 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 300,000, kiasi ambacho kwa steshenari ndogo si cha kupuuza. Lakini kompyuta nyingi za mitaani hupigwa Windows na fundi kwa ada ndogo, pamoja na Office na Photoshop zilizokrakiwa, na mwenye duka haoni kwamba amenunua kitu kisicho halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Hasara inayoonekana haraka zaidi ni ya kiusalama: krak nyingi zinamtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza, na kompyuta hiyohiyo ndiyo inayopokea vyeti, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) na barua za wateja siku nzima.

Steshenari ndiyo biashara iliyo karibu zaidi na kuhama. Kazi zake ni kuchapa, kuskani, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni, na programu yake kuu ni Word. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, inafanya karibu yote hayo. Tatizo huja pale mteja anapoleta CV kwenye fleshi. Aliiandika kwa fonti ya Calibri ikatosha kurasa mbili. Ikifunguliwa kwenye LibreOffice isiyo na Calibri, mistari inasogea, jedwali la elimu linakatika katikati, na majina ya wadhamini yanatupwa ukurasa wa tatu. Mteja anaamini duka limemharibia kazi. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: fonti ya Carlito imetengenezwa ikiwa na vipimo vilevile vya Calibri, Caladea inashika nafasi ya Cambria, na Liberation Serif nafasi ya Times New Roman. Zikishawekwa, barua na CV nyingi hukaa mahali pake. Kinachofuata ni kuiagiza LibreOffice ihifadhi kila faili kwa mtindo wa docx ili mteja akienda duka lingine asikwame. Maduka mengi yanayojaribu Linux na kuiacha hushindwa hapa, kwenye mipangilio ya nusu saa ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Mwenye duka anayetaka sura iliyo karibu zaidi na Word anaweza kutumia OnlyOffice au WPS Office, ambazo zote zina matoleo ya Linux. WPS ina faida ya pekee: wateja wengi huandika barua zao kwa WPS ya simuni na kuzituma WhatsApp, hivyo faili linatoka na kuingia kwenye programu ya ukoo mmoja. Excel ni ngumu kiasi. Majedwali ya kawaida, ya michango ya vikoba au alama za wanafunzi, yanafunguka vizuri kwenye Calc ya LibreOffice. Yale yenye makro hugoma mara kwa mara. Publisher, inayotumika sana kwa kadi za mwaliko na za michango ya harusi, iko njiani kuondoka hata kwa wenye Windows, kwani Microsoft imetangaza kusitisha huduma yake Oktoba 2026. Draw ya LibreOffice inasoma faili za Publisher tangu mwaka 2013, ingawa mapambo hayatoki sawasawa kila mara. Printa hazisumbui kama zamani. HP hutoa viendeshi vya Linux kupitia HPLIP, na Epson wanavyo vya printa zao za matangi ya wino. Ni busara kujaribu mashine ya fotokopi kwanza kabla ya kufuta chochote.

Kuna jambo moja ambalo Linux inaipita Windows waziwazi katika biashara hii. Fleshi za wateja hubeba virusi vinavyoficha mafaili na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Kwenye Windows, kubofya mara moja kunatosha kuambukiza kompyuta na kila fleshi itakayofuata. Kwenye Linux kirusi hicho hakiendeshwi, na mafaili yaliyofichwa huonekana yakiwa salama, tayari kunakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Kwa duka linalochomekewa fleshi za watu wasiojuana kutwa nzima, faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa.

Lugha nayo ina historia yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati ambapo toleo la Kiswahili la Office lilikuwa bado halijaingia sokoni. Wahadhiri na wanafunzi waliofanya kazi ile walitunga na kupanga istilahi ambazo hazikuwa na kamusi ya kuzikopa. Kwa bahati mbaya maduka hayakuipokea kwa wingi, kwa kuwa wachapaji walikwisha kujifunza kazi kwa menyu za Kiingereza. Juhudi ile inastahili kuendelezwa, maana msichana anayeanza kazi ya steshenari leo bado anakariri maneno ya menyu asiyoyaelewa.

Kwa wabunifu wa mabango, stika na fulana, mambo ni magumu zaidi. Wao hushikamana na CorelDRAW na Photoshop. Corel iliwahi kutoa CorelDRAW 9 ya Linux mwaka 2000, kisha ikaachana na njia hiyo muda mfupi baadaye. Adobe haijawahi kutoa Photoshop ya Linux. Mbadala wa kwanza ni Inkscape, ambayo kwa kuchora nembo, herufi na stika inatosheleza kabisa. Wa pili ni GIMP, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025 likiwa na uwezo wa kurekebisha athari za picha bila kuharibu picha ya asili, jambo ambalo watumiaji wa Photoshop walilidai kwa miaka mingi. Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua faili za PSD na ina sura inayofanana sana na Photoshop. Mpiga picha za pasipoti anaweza kuizoea kwa siku moja.

Kasoro za kweli ziko kwenye rangi na kwenye mafaili ya wenzao. Matbaa hufanya kazi kwa rangi nne za CMYK, lakini Inkscape na GIMP zimejengwa juu ya rangi tatu za skrini, kwa hiyo buluu kali inaweza kutoka ya zambarau kwenye karatasi. Anayehitaji usahihi humalizia kazi kwenye Scribus, ambayo hutoa PDF ya CMYK. Faili za CDR, yaani za CorelDRAW, nazo husomwa na Inkscape zikiwa za matoleo ya zamani. Za matoleo mapya hukataa kufunguka au hufunguka zikiwa zimevurugika. Njia salama kati ya maduka ni PDF iliyogeuzwa maandishi yake yote kuwa michoro. Hiyo hupita kokote, ila haihaririki tena kwa urahisi.

Kizuizi kikubwa kiko mwisho wa mnyororo, kwenye mashine yenyewe. Mashine kubwa za kuchapa mabango zinaendeshwa na programu za aina ya RIP, kama vile Maintop, zinazopanga wino na kasi ya vichwa. Hizo ni za Windows tu, na nyingi hazifunguki bila kifaa kidogo cha USB kinachokuja na mashine kama ufunguo. Hakuna mbadala wa Linux unaofaa kwa mashine hizo, na kumshauri mwenye mashine ya mamilioni abahatishe ni kumkosea. Plota za kukata stika zina nafuu: Inkcut inaendesha nyingi kati yake. Duka la Madale lisilo na mashine kubwa, linalobuni lenyewe na kupeleka PDF mjini kuchapwa, halifungwi na kizuizi hiki hata kidogo.

Uhasibu umegawanyika. TallyPrime, ya kampuni ya Tally ya Bengaluru, na QuickBooks ya mezani hazina matoleo ya Linux, na mhasibu wa nje anayefunga hesabu za mwaka mara nyingi ndiye anayeamua programu itakayotumika. Manager na GnuCash zinafanya kazi kwenye Linux bila malipo. Odoo na ERPNext zinafaa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi yenye stoo zaidi ya moja, mradi awepo mtu wa kuzisimamia. Upande wa serikali mzigo umepungua: huduma za mtandaoni za mamlaka ya mapato (TRA), usajili wa biashara wa BRELA na mfumo wa zabuni wa NeST, ulioanza mwaka 2023, hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari hakijali mfumo ulio chini yake.

Madale inajengwa kila kukicha, na wachora ramani za nyumba ni sehemu ya uchumi wake. AutoCAD, Revit na ArchiCAD hazina matoleo ya Linux. FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024 na ina zana za majengo, lakini muundo wa faili wa DWG ni mali ya Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, na mhandisi wa nondo, msanifu na mkaguzi wa kibali cha ujenzi hupelekeana DWG. BricsCAD, inayolipiwa, inasoma DWG vizuri na ina toleo la Linux. Kwa ofisi inayoishi kwa ramani hizo, kulipia BricsCAD au kubaki Windows ndiyo machaguo ya haki. Kwa kazi za ramani za ardhi hali ni kinyume: QGIS ni programu huria inayoheshimika duniani kote, na mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko kwa OpenStreetMap na QGIS.

Studio za muziki zinaishi kwa FL Studio. Bongo Fleva na singeli zimekua juu ya programu hiyo, ikiwemo kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ambayo albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017 iliifikisha nje ya nchi kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. LMMS inafanana nayo kwa sura ila haisomi miradi yake, na prodyuza aliyejaza diski biti za miaka mitano hawezi kuziacha. Reaper, yenye toleo la Linux na leseni ya dola 60 kwa studio ndogo, inafaa zaidi kurekodi sauti na kwaya. Wahariri wa vidio za harusi wana Kdenlive. DaVinci Resolve pia ina toleo la Linux, lakini lile la bure halifungui vidio za H.264, yaani zile zinazotoka kwenye kamera na simu nyingi, mpaka zibadilishwe kwanza.

Mafundi simu wanaoflashi TECNO, itel na Infinix wanahitaji programu zinazouzwa pamoja na boksi la kuflashia au kwa kulipia muda, na hizo ni za Windows. SP Flash Tool ina toleo la Linux, na amri za adb na fastboot zinafanya kazi humo vizuri. Hata hivyo hazitoshi kuendesha kibanda.

Zipo njia za kuishi na mifumo yote miwili. Wine, iliyoanza mwaka 1993, inaendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux. FL Studio hufanya kazi nayo kwa kiasi kizuri bila uhakikisho wa mtengenezaji, ilhali Photoshop za karibuni husumbua kusakinishwa. VirtualBox huiweka Windows nzima ndani ya dirisha, ila inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, gigabaiti 8 kwenda juu. Njia inayofaa zaidi duka lenye kompyuta mbili au tatu ni kuiacha moja na Windows kwa ajili ya RIP, Tally au boksi la kuflashia, ikiwa nje ya intaneti kama kazi yake inaruhusu, na kuziwekea Linux zile zinazopokea fleshi, kuchapa na kufungua mifumo ya serikali. Mint yenyewe ni faili la takriban gigabaiti 3, linalopita kwenye fleshi kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine bila kula bando.