Fahamu: Je, Mwakinyo alimkwepa Kiduku?

Jumamosi mnadani Msalato, nyama ikigeuzwa juu ya mkaa, ubishi ni uleule: bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga anamwogopa bondia mwenzake Twaha Kiduku wa Morogoro. Mizani inasema jingine. Mwakinyo alijijengea jina kwenye uzito usiozidi kilo 69.8; Kiduku hupanda hadi 76.2. Kilo sita ulingoni si mchezo.

Na mwoga gani huenda Birmingham 2018 kummaliza Sam Eggington raundi ya pili, kisha Liverpool 2022 kwa Liam Smith, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia? (Huko alisimamishwa raundi ya nne, akalalamikia viatu.)

La kumuuliza ni Septemba 2023: alijitoa kwenye pambano la Dar es Salaam akimlaumu promota, kamisheni ya ngumi ikamfungia mwaka mmoja.