Baiskeli na Unene Katika Umri wa Makamo

Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, hujulikana kwa chemchemi zake za maji ya chumvi na kwa kimondo kilichoanguka huko mwaka 1938. Tambarare za bonde hilo humfaa pia mtu wa makamo atakaye kupunguza unene kwa baiskeli, kwani tandiko huyapunguzia magoti mzigo wa mwili.

Hata hivyo, kazi hiyo yahitaji subira. Mtu wa kilo 80 hutumia takriban kilokalori 450 kwa saa ya mwendo wa wastani, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takriban 7,700. Ndizo saa 17 hivi. Na sahani kubwa ya ugali yaweza kurudisha yote yaliyotumika kwa saa moja.

Ajali nazo zina sababu zake: gurudumu la mbele huzama mchangani, suruali hunaswa na mnyororo, breki zilizolowa huchelewa kushika. Tandiko likiwa chini mno, magoti huuma.

Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza, wala asizidishe chumvi kwa kisingizio cha jasho: Shirika la Afya Duniani hushauri isifike gramu 5 kwa siku. Dakika 150 za mazoezi kwa juma huunufaisha moyo, hata mizani ikichelewa kushuka.