Maneno mawili ya Paulo yanayowagawa Waanglikana

Muumini wa Kianglikana mjini Voi anapoifungua Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 6:9, hukutana na maneno mawili mazito: “wafiraji” na “walawiti”. Maneno hayo ni kiini cha mzozo ambao umelitikisa Kanisa la Anglikana duniani tangu miaka ya 1990.

Paulo aliandika kwa Kigiriki, naye alitumia “malakoi” na “arsenokoitai”. La kwanza maana yake halisi ni “laini”; Injili ya Mathayo yalitumia kwa mavazi mororo. La pili limeunganishwa kutokana na “mwanamume” na “kitanda”. Wanaoshikilia mafundisho ya jadi husema viungo hivyo viwili vimo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Walawi 20:13, hivyo Paulo alikuwa akirudia katazo la Torati. Wapinzani wao hujibu kwamba alilaani unyanyasaji wa vijana na watumwa uliokuwapo katika miji ya Kirumi, wala si uhusiano wa watu wazima walioridhiana.

Kiswahili nacho kina neno lake hapa. “Mlawiti” limetokana na Kiarabu, na asili yake ni jina la Luti, yaani Lutu aliyeishi Sodoma. Kwa hiyo msomaji, hata kabla ya kumsikia mhubiri, amekwisha kupewa kisa cha Sodoma ambacho Paulo hakukitaja katika aya hiyo. Kuhusu Sodoma yenyewe, upande mmoja hutaja Ezekieli 16:49, panapolaumiwa kiburi na kutowasaidia maskini. Mwingine hutaja Yuda 7, panapolaumiwa uasherati.

Uanglikana uliingia Taita mwaka 1883, mmisionari Joseph Wray wa CMS alipofika Sagalla, mlima ulio karibu na Voi. Dayosisi ya Taita Taveta iliundwa mwaka 1993. Miaka mitano baadaye, mkutano wa maaskofu wa Lambeth uliamua kwa kura 526 dhidi ya 70 kwamba matendo ya ushoga hayapatani na Maandiko. Marekani ilipomsimika Gene Robinson kuwa askofu mwaka 2003, mpasuko ulianza. Agosti 2007 Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi aliwaweka wakfu jijini Nairobi Wamarekani wawili, Bill Atwood na Bill Murdoch, wawahudumie waliojitenga. Kanisa la Uingereza lilipokubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja mwaka 2023, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alilipinga.

Wanaotaka mabadiliko hupenda kukumbusha suala la mitala, na hoja hiyo si nyepesi. Lambeth ya 1888 ilikataza kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Ile ya 1988 iliruhusu abatizwe bila kulazimishwa kuwafukuza, mradi aahidi kutooa tena. Wahafidhina hujibu kwamba hiyo ilikuwa huruma kwa wanawake na watoto ambao wangetelekezwa, si fundisho jipya kuhusu ndoa.

Nchini Kenya mjadala huu hauishii mimbarani. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu chaweka kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Azimio lilelile la 1998 liliahidi pia kusikiliza yanayowapata mashoga, na kulaani hofu isiyo na msingi dhidi yao. Sehemu hiyo hunukuliwa kwa nadra.