Programu Nayo Yahitaji Sentensi Mbovu

Katika somo la isimu, kanuni ya sarufi haithibitishwi kwa sentensi sahihi pekee. Mwanafunzi anayedai kwamba ameieleza ngeli ya KI-VI hana budi kuonyesha kwamba kanuni yake inakubali "kiti kimevunjika" na pia inakataa "kiti amevunjika". Kanuni inayozikubali zote mbili haina thamani, hata iwe imepitisha sentensi sahihi 1,000. Nashikilia kwamba watungaji wa programu za tarakilishi, pamoja na walimu wanaowafunza, wangefaidika mno kwa kuifuata desturi hii.

Tuchukue mfano wa OpenSSL, programu inayoficha mawasiliano ya intaneti ili yasisomwe na wasiohusika. Kama ilivyo kawaida ya kazi hii, watunzaji wake walidumisha matawi kadhaa kwa wakati mmoja. Yalikuwapo matawi ya zamani, 0.9.8 na 1.0.0, na tawi jipya la 1.0.1, lililotolewa Machi 2012 likiwa limebeba mambo mapya.

Miongoni mwa mambo hayo palikuwa na utaratibu wa kujuliana hali. Tarakilishi moja hutuma neno, hutaja urefu wake, na kuitaka ya pili ilirudishe. Mradi mtumaji ni mkweli, mambo huenda sawa. Je, akituma neno la herufi 4 na kudai kwamba lina herufi 60,000? Tawi la 1.0.1 lilimwamini. Lilirudisha zile 4, kisha likaongeza chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake: manenosiri, barua, hata funguo za siri.

Kasoro hiyo, iliyopewa jina Heartbleed, iliishi miaka miwili hadi ilipotangazwa na kurekebishwa tarehe 7 Aprili 2014. Mwezi huo huo, idara ya kodi ya Kanada ilitangaza kwamba nambari za bima za watu wapatao 900 zilikuwa zimeibwa. Matawi ya zamani hayakuwa na kasoro hiyo. Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba napigania ukale. Mbacha nao huchakaa. Matawi hayo mawili yalikoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2015. Kuhama ni lazima, ila kuhama kutanguliwe na mtihani wa kweli.

Wapo wanaojivunia asilimia, ati majaribio yao yamepitia asilimia 90 ya mistari ya programu. Asilimia hiyo yatueleza mistari iliyoendeshwa. Haituelezi maswali yaliyoulizwa. Salamu moja ya kweli ingetosha kuupitia mstari uliovujisha siri zile, na kasoro isionekane. Isitoshe, kilichokosekana ni ukaguzi wa urefu, na mstari ambao haukuandikwa hauhesabiwi na asilimia yoyote.

Walimu wenzangu wa somo la tarakilishi, tusimpe mwanafunzi alama zote kwa kuwa programu yake imejibu vyema ilipoulizwa vyema. Tumtake alete na sentensi mbovu: umri ulio chini ya sufuri, jina tupu, urefu usiolingana na neno. Na kasoro ikifichuliwa, jaribio lililoifichua lihifadhiwe, liendeshwe katika kila tawi linalohudumiwa, lisije kosa lililozikwa huku likafufuka kule.